Dawa moja, majina mawili

Salaam alaikum, watu wangu wa Arua, Bombo, Busia, na nyote mlioko Kampala. Leo sitawaonyesha maduka wala theluji. Nataka tuongee kuhusu bibi yangu.

Mwaka jana alianguka usiku akienda chooni. Nyonga haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile akaogopa kutembea. Sote tukasema ni uzee. Hata mimi, ambaye huku Leicester, Uingereza, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, nilisema hivyo, na inaniuma. Kisha binamu yangu akapiga picha dawa zote zilizokuwa chini ya mto, akanitumia. Vidonge vya presha vya kliniki mbili: dawa ileile, majina mawili ya kampuni, na bibi anameza vyote! Presha ikishushwa hivyo, mzee akisimama ghafla kizunguzungu kinamwangusha.

Huku mzee akianguka, haachiwi mtu mmoja. Muuguzi anapima presha akiwa amelala, tena akiwa amesimama. Mfamasia anapitia dawa zote. Mtu wa fiziotherapia anamfundisha kuinuka kitini. Mwingine kazi yake ni kuikagua nyumba yenyewe: kimo cha kitanda, mkeka unaoteleza, giza la njia ya chooni. Halafu wanaambiana. Na yule anayemwogesha mzee kila asubuhi anasikilizwa, maana ndiye aliyeona chai haimalizwi siku hizi.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Hospice Africa Uganda imeanza Kampala mwaka 1993, na wauguzi wake huwafuata wagonjwa nyumbani wakiwa na mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali. VHT, yaani wahudumu wa afya wa kijiji, tunao vijijini. Watu wapo, ila kila mmoja anakuja kivyake.

Kwa hiyo tumenunua daftari la shule, linakaa kando ya kitanda cha bibi. VHT anaandika, muuguzi anaandika, shangazi anaandika. Hata kijana wa boda alitueleza kwamba bibi alihema sana akishuka, tukaandika. Daktari aliposoma lile daftari, alifuta kidonge kimoja siku hiyohiyo. Shangazi naye akaondoa mkeka, akaweka taa ya sola mlangoni.

Tafadhali, usiku huu mwombe mzee wako akuonyeshe mfuko wake wa dawa. Usimwachishe chochote mwenyewe. Piga picha kila pakiti, pande zote mbili, kesho umpelekee daktari au mfamasia mfuko mzima.