Kumlisha Punda Mzee Aliyeishiwa Magego

Assalamu alaykum, karibuni tena uani kwangu hapa Lamu. Leo tunapika chakula cha punda mzee. Huyu ni Shaibu. Amebeba mawe na mchanga miaka na miaka, sasa kazi yake ni kula tu, na haki yake ale vizuri.

Ali, shusha kamera hapa chini. Mnaviona vidonge hivi vya nyasi? Amevitema. Vimelowa mate lakini havikutafunika. Ukivikuta, jua magego yamekwisha: mdomo unashughulika, tumbo halipati kitu. Daktari wa mifugo amtazame meno kwanza.

Haya, nyasi kavu. Katakata kwa panga, urefu wa sentimita 2 hivi. Punda wa kilo 130 hutosheka na kilo 2 hivi za chakula kikavu kwa siku, nawe umgawie mara nne. Pumba za mahindi ni konzi mbili tu, maana nafaka nyingi humharibu kwato, akashindwa hata kusimama. Zinuse kabla ya kutia. Zikinuka uvundo tupa, usimpe hata kuku.

Maji yafunike kila kitu, kisha subiri nusu saa. Nusu saa nzima, jamani! Pumba huonekana zimelowa juu, kumbe katikati ni unga mtupu, na unga huo humkwama kooni. Ingiza mkono mpaka chini, finya. Ali, sogea... hili hapa, donge kavu ndani. Bado! Ongeza maji, ngoja tena. Akikwamwa utamwona ananyoosha shingo, anakohoa, chakula na ute vinamtoka puani. Ondoa beseni, usimmiminie maji wala mafuta mdomoni, muite daktari.

Ee, toka! Toka! Mwawaona punda vijana hawa, washaingia beseni! Mzee hawezi kugombania. Mfunge kando, ila amwone mwenzake. Usimtenge kabisa, narudia, usimtenge. Punda akimkosa rafikiye husononeka akasusa chakula, na akikaa bila kula, mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu, ini likaharibika. Akisusa, daktari aje siku hiyohiyo.

Finya tena. Sasa ni laini mpaka chini, hakuna donge. Chumvi kidogo, mpe. Mimi hupenda kumkunia karoti juu yake. Angalieni masikio hayo!

Kikibaki baada ya saa mbili, mwaga uoshe beseni, joto letu huchachusha upesi. Kama hajazoea chakula hiki, anza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Kila wiki mpapase mbavu na uti wa mgongo kwa kiganja, kwa sababu tumbo kubwa huficha ukondefu. Na mifuko ya plastiki vichochoroni tuiokote, kwani punda huila, ikamziba matumbo.