Kupe Anataka Muda, Papasi Hangoji

Asalaam aleikum wazee wangu, na mama zangu mliokaa huko nyuma. Ahsanteni kwa baraza na kwa kahawa. Sitawaweka sana, Magharibi haiko mbali.

Kichupa hiki kipitisheni, ila msikifungue. Ndani mna kupe jike niliyemtoa jana kwenye sikio la mbuzi aliyevuka na mashua kutoka bara. Mwangalieni: kijivu, mkubwa kama punje ya kunde, amevimba mpaka miguu haionekani. Lau ningemwacha aanguke mwenyewe, angetaga mayai kwa maelfu, kisha afe. Huyo mwengine, bapa kama ufuta, ni wa aina hiyo hiyo, hajanywa bado.

Kupe haruki, hana mbawa. Hupanda jani la nyasi, akashika kwa miguu ya nyuma, ya mbele akaitandaza hewani, akangoja. Hungoja hata miezi. Ukipita na kikoi chako, umemchukua.

Watu hudhani ubaya wake ni kunywa damu. Damu hiyo ni kidogo. Ubaya uko kwenye mate. Chukua ndigana kali, iuayo ng'ombe. Kupe wa masikio anayeibeba hukaa amejishika kama siku tatu au nne ndipo vijidudu vikomae mateni mwake. (Wazungu waliipa jina la pwani yetu, East Coast fever, yaani homa ya pwani ya mashariki, kwa kuwa ilipozuka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1900 walisema ng'ombe walitoka huku kwa meli. Lawama tumebeba sisi mpaka leo.) Kwa hiyo mfugaji anayepapasa masikio ya ndama kila jioni amemnyima kupe kile anachokitaka, yaani muda.

Na kwa binadamu? Mwaka mmoja nilikwenda Witu kununua mbuzi, nikarudi na homa, kichwa kinapasuka, tezi za kinena zimevimba. Duka la dawa nililoingia hawakunipima, wakanipa za malaria. Nikamaliza dozi, wakanipa nyengine. Siku ya saba mke wangu akaona nyuma ya goti kidonda kikavu chenye kigaga cheusi katikati, kama nimechomwa na sigara. Kupe mwenyewe zamani alishashiba akaenda zake. Daktari alipokiona kigaga kile aliandika doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, na baada ya siku mbili nilikuwa msikitini. Kupe wenye rangi rangi mgongoni ndio waenezao homa hiyo, homa ya kupe, na ndio hao hao wanaowapa mbuzi ugonjwa wa maji moyoni, ukamwona mbuzi anazunguka na kunyanyua miguu kama anayevuka maji.

Mwenye homa apimwe malaria, maana malaria ipo na inaua. Isipoonekana, atafutwe kigaga: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio.

Ukimkuta kupe bado amejishika, usimmiminie mafuta ya taa wala usimchome na kijinga cha moto. Akiudhika hutapika ndani yako. Chukua kibano, kile wanachong'olea nyusi mama zetu, mshike karibu kabisa na ngozi, si tumboni, mvute taratibu bila kumsokota. Osha kwa sabuni. Kumbuka tarehe, ili homa ikija umwambie daktari.

Papasi ni jambo jengine. Naye ni kupe, ila ngozi yake laini, hana gamba. Hujificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu, usiku akatoka, akanywa kwa nusu saa hivi, akarudi. Asubuhi ukijikagua humkuti. Na huweza kukaa miaka na njaa yake. Homa yake huja, ikaondoka, ukadhani umepona, ikarudi. Mwingereza Joseph Dutton alikwenda Kongo kuichunguza, ikampata, akafa Kasongo mwaka 1905. Kijidudu kikapewa jina lake. Kwa papasi ukaguzi wa jioni haufai kitu. Dawa yake ni fundi: ziba nyufa kwa chokaa, piga sakafu saruji, lala kitandani.

Wenye punda, hili nawaomba mlishike. Kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbuzi, amitrazi. Kwao ni nzuri. Kwa farasi husimamisha matumbo, chakula kikakwama, na punda ni jamaa wa farasi. Someni kibandiko kabla ya kuchota. Na wewe unayezidisha maji ili dawa ifike wiki ya pili, unawazoeza kupe hiyo dawa, mpaka iwe haiwadhuru.

Kichupa kimefika wapi? Kilete, bwana mdogo, nimtie spiriti. Hapana, usimbonyeze kwa kucha! Kuna kupe wenye homa ya Krimea-Kongo, ile ya kutokwa na damu, na damu yao ikiingia kwenye mchubuko wa kidole inatosha. Haya, nipe.