Mfupa wa Sangara Baada ya Mapanki

Ndugu zangu, sangara wa Ziwa Victoria hatupwi ovyo. Viwanda vya Mwanza husafirisha minofu, bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, lina soko lake la bei kali, na kichwa na uti wa mgongo ndiyo hayo mapanki. Kisumu wanaita mgongo wazi. Kwa hiyo mtaalamu akiniambia mifupa yote ya sangara ni taka, simkubalii. Kuna kina mama wanaoikaanga na kulisha familia kwa biashara hiyo. Mimi nauzungumzia mfupa uliokwisha kunyonywa, ule wa jalalani.

Mfupa huo una kolajeni, ambayo ni protini, na una haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti. Mifupa na meno yetu yamejengwa kwa madini ya jamii hiyo hiyo, ndiyo maana madaktari huyatumia kujazia pengo la mfupa, au kupaka nyonga ya bandia ili mfupa ushikamane nayo.

Ukitaka kolajeni, itoe kwanza kwa asidi na kwenye ubaridi, maana ya samaki huharibika upesi kwa joto. Ukitaka madini, chemsha, sugua nyama na mafuta, anika, kisha choma. Hapo kwenye tanuri ndipo penye kazi. Kwenye nyuzi 400 hivi za Selsiasi mfupa bado mweusi. Fika 700 au 800, hewa ikipita vizuri kwa saa kadhaa, unatoka mweupe kama chokaa. Ukipitisha 1000 kwa mbali, madini yenyewe huanza kugeuka fosfeti nyingine, inayoyeyuka upesi zaidi mwilini. Wengine huitafuta hiyo makusudi.

Lakini unga wa uani haupelekwi chumba cha upasuaji. Kuna kupima metali nzito, kuna usafi wa vijidudu, kuna majaribio ya miaka.

Kilicho karibu nasi ni maji. Arusha kuna visima vyenye floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaota meno ya kahawia, wengine matege. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko huko Arusha, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaonasa floridi hiyo. Huo huchomwa kwa hewa kidogo, na unaachwa mweusi: ukiuchoma hadi uwe mweupe, uwezo wa kunasa unapungua, ukiuchoma nusunusu, maji yananuka. Vikundi vya vijana vinavyotaka kujaribu mifupa ya sangara vianzie hapo, na vipime floridi ya maji yanayoingia na yanayotoka kabla mtu yeyote hajanywa.