Humo ndani unageukia wapi?

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani. Leo nipo ndani, kamera nimeiweka kwenye rafu juu ya mlango, na mnachokiona hapo ndicho kijumba chote. Nyuma yangu hakuna chumba kingine. Juzi nilimpigia mama kwa video, akaniangalia weee, halafu akauliza: "Sasa mwanangu, humo ndani unageukia wapi?" Swali hilo nimelala nalo siku tatu. Basi leo nimeshika futi kamba, tupime wote, tuone nyumba inaweza kuwa ndogo kiasi gani na mtu bado akaishi humo.

Urefu mita 4.2, upana mita 2.4. Zidisha, unapata kama mita za mraba 10. Namba hiyo inashtua, najua, lakini namba ya sakafu haikwambii kitu mpaka uingize mwili wa mtu. Tazameni upana huu: kitanda sentimita 90, njia ya katikati 85, kabati la jiko na sinki 65. Zimeisha 240. Kupita tu, hata njia ya 60 inatosha. Lakini ngoja nivute droo hii ya chini ya kitanda. Mnaona? Inatoka sentimita 50, zinabaki 35 za mimi kuchuchumaa. Magoti yanagonga droo, mgongo unagonga kabati. Kwenye mchoro wa fundi hilo halikuonekana kabisa, kwa sababu mchoro ulionyesha droo zikiwa zimefungwa. Miezi miwili nilikuwa natoa nguo nikiwa nimepiga magoti juu ya kitanda, nainama kichwa chini. Mwishowe niliing'oa droo nikaigeuza ifungukie upande wa miguuni, kwenye nafasi ya mlango. Sakafu haikuongezeka hata sentimita moja, ila kijumba kilikuwa kingine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: pima kila kitu kikiwa wazi. Mlango ukiwa wazi, kabati likiwa wazi, kiti kikiwa kimevutwa na mtu amekikalia.

Sheria nazo zina kipimo chake. Uingereza, tangu Oktoba 2018, kwenye nyumba za kupanga za pamoja zenye leseni, chumba cha kulala mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51. Hicho ni chumba cha kulala tu. Jiko na bafu viko kwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Na hapo ndipo penye siri ya vijumba vyote vidogo. Kuna msanifu majengo mmoja mashuhuri sana, Le Corbusier. Mtu huyu alichora majengo makubwa ya nchi mbalimbali, lakini mwaka 1952 alijijengea kijumba cha mapumziko pale Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, juu kidogo ya bahari. Mita 3.66 kwa 3.66, basi. Mwaka 2016 UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na majengo yake mengine. Watu wanakitaja kama ushahidi kwamba binadamu anahitaji mita za mraba 13 tu. Mimi nawaomba mtazame kisichokuwemo. Jiko halimo: palikuwa na mlango wa kupita kwenda mgahawa wa jirani, anakula huko. Meza ya kuchorea imo, lakini baadaye aliweka kibanda kingine kidogo pembeni kwa ajili ya kazi. Kuogelea, baharini. Choo kimo, nyuma ya pazia tu. Ukijumlisha mgahawa, kibanda cha kazi na bahari, yule bwana alikuwa na eneo kubwa sana la kuishi.

Hata mimi ni hivyo hivyo. Bafu na choo viko nje, hatua 12 kutoka mlangoni. Nikivileta ndani, hizi mita 10 hazitoshi. Mtu akikuambia anaishi kwenye mita 6, muulize kwanza anaogea wapi na anafulia wapi.

Sasa jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: hewa. Msimu wangu wa kwanza wa baridi niliziba kila upenyo ili joto lisitoke. Asubuhi kioo cha dirisha kinatiririka maji. Nikawa nafuta kwa kitambaa, naendelea na shughuli zangu. Siku moja nikainua godoro nibadilishe shuka. Upande wa chini ulikuwa umelowa, na pale lilipogusana na ubao kulikuwa na madoa meusi ya kuvu, yamejipanga kufuata umbo la mgongo wangu. Niliumia sana. Nilikuwa nimelala juu ya kuvu kwa wiki kadhaa nikidhani kikohozi kile ni cha baridi.

Mtu aliyelala anatoa robo lita ya maji au zaidi kwa usiku mmoja, kwa pumzi na jasho. Kwenye nyumba kubwa yanapotelea huko. Humu ndani mna mita za ujazo kama 23 tu, hayana pa kwenda, yanatafuta sehemu yenye baridi kuliko zote. Na ukipikia gesi ndio unaongeza: kila kilo ya gesi inayoungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Nikatoa ule ubao, nikaweka chaga zenye nafasi katikati ili hewa ipite chini ya godoro. Nikatoboa matundu mawili, moja chini karibu na sakafu, jingine juu upande wa pili, na feni ndogo ya kutoa hewa juu ya jiko. Joto kidogo linapotea, ndiyo. Acha lipotee.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kama hiki, hata kwa dakika kumi, hata kama baridi ni kali kiasi gani. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, na chumba kidogo kinajaa upesi. Ile nyeupe pale ukutani ni king'ora chake. Hilo dirisha pia nimelichagua kwa makusudi, mwili wangu unapita. Moto ukianzia jikoni, jiko liko kati yangu na mlango.

Haya, kidogo kiasi gani? Kwa mtu mmoja anayepika ndani na kuogea nje, mimi nakubali mita 7, mradi asimame wima bila kuinama na awe na baraza iliyoezekwa. Chini ya hapo unapata mahali pa kulala, maisha yenyewe yanakuwa nje. Wawili? Siwaambii 14. Vitu vinaweza kukaa pamoja, ila mmoja akitaka kulala na mwenzake anataka taa, hapo panahitajika ukuta.

Mama, ukiitazama hii: nageukia hapa, mbele ya mlango. Mita moja na robo kwa mita moja na robo, nimepima. Ukija, kitanda ni chako, na mimi nimeshaanza kuezeka baraza.