Kagua Nembo ya Jina Lako Kabla Hujaichapisha

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo tunakagua nembo iliyoandikwa kwa mkono. Mwenyewe ni mpiga picha za harusi hapa Nairobi, na jina ni hili: muinde, herufi ndogo tupu, za kuunganisha. Kabla hujaenda River Road kuchapisha kadi, fuatana nami.

Kwanza, ondoa rangi. Toa nakala nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Dhahabu na vivuli huficha mengi, na muhuri wa risiti hauna dhahabu.

Pili, isomwe. Usisome wewe, jina lako unalijua. Mpe mtu asiyekujua, atupie jicho mara moja, kisha aseme ameona nini. Sogeeni karibu hapa. Herufi m ina miguu mitatu, u miwili, i mmoja, n miwili. Jumla miguu minane, imesimama kama fito za ua, na kitone cha i kimerushwa kwa mbwembwe hadi juu ya n. Msomaji atajuaje u imeishia wapi? Mimi nembo ya namna hii siipitishi, hata ipendeze vipi, kwa sababu bibi harusi asiyeweza kulisoma jina hawezi kulitafuta simuni. Dawa ipo: kitone kirudi juu ya i, matao ya m na n yaonekane wazi, na u ipumue kidogo kabla ya i.

Tatu, igeuze kichwa chini. Jicho likiacha kusoma, huanza kuona nafasi. Weka rula kando. Kati ya i na n, miguu miwili iliyonyooka, panahitaji nafasi zaidi kuliko kati ya d na e, maana e ina mgongo wa mviringo. Ukizilinganisha kwa rula, d na e zitaonekana zimeachana.

Angalia pia matumbo ya d na e: yashuke kidogo chini ya mstari. Yakiishia sawa na miguu ya m, yataonekana madogo.

Nne, ipunguze hadi sentimita 2, halafu iweke kwenye duara la picha ya WhatsApp. Tundu la e likizibika, mistari ni minene mno. Mkia ukikatwa na duara, tumia m peke yake hapo.

Sasa chukua kalamu nyekundu, zungushia kila kasoro, piga picha umtumie aliyeichora. “Haijakaa vizuri” haitamsaidia. Mwambie: “Rudisha kitone juu ya i, tenganisha u na i.”