Muhuri wa Msibani

ZUHURA: Kabla hujafungua mdomo, nipe hiyo karatasi.

GODI: Salamu kwanza, dada. Watu wanatusikiliza.

ZUHURA: Wameshasalimiwa. Nipe. Haya, wasikilizaji, leo tulipanga kujibu maswali yenu matano kuhusu kununua nyumba na kutafuta wakili. Nimeyaandika kwenye daftari, nimejiandaa. Halafu mwenzangu kaja na hiki. Mkataba wa mauziano, boma la vyumba vitatu, Chanika, limeishia kwenye linta. Shilingi milioni 14. Na lina doa la mafuta hapa chini kama kiganja cha mtoto.

GODI: Hapo ndipo penye muhuri.

ZUHURA: Godi, huu mkataba unanukia hiliki.

GODI: Ni pilau. Ngoja nieleze.

ZUHURA: Eleza.

GODI: Jumamosi saa mbili asubuhi niko serikali ya mtaa. Mimi, muuzaji na dalali. Mashahidi wetu wapo, kalamu ipo. Mwenyekiti hayupo. Kaenda msibani. Tukasema sawa, muhuri si uko ofisini? Tukaambiwa muhuri uko kwa mtendaji. Mtendaji tukamkuta stendi anasubiri daladala, anasema muhuri jana usiku aliuchukua mwenyekiti.

ZUHURA: Akaenda nao kuzika.

GODI: Kwenye mfuko wa koti! Basi bodaboda tatu, mguu kwa mguu mpaka msibani. Sasa msibani huwezi kuingia unaulizia muhuri. Nikatoa rambirambi elfu tano.

ZUHURA: Wewe? Ulitoa wewe? Wasikilizaji wa siku nyingi wanajua huyu mtu chipsi za studio hajawahi kulipia tangu tuanze.

GODI: Nilitoa. Na dalali akaandikwa kwenye daftari la michango kwa hela hiyohiyo yangu. Tukakalishwa, tukaletewa sinia. Huwezi kukataa chakula cha msiba. Mwenyekiti akaja kukaa na sisi, nikamnong'oneza. Akageuza mfuniko wa sufuria, akaweka mkataba juu yake, sponji ya wino imekauka, akaidondoshea maji ya kunawa. Pah! Akagonga.

ZUHURA: Juu ya mfuniko wa sufuria.

GODI: Upande wa chini. Ndiyo mafuta hayo.

ZUHURA: Marehemu alikuwa nani?

GODI: Sijui, dada. Nilimlilia tu.

ZUHURA: Mungu amrehemu. Na hela?

GODI: Nilitanguliza milioni mbili. Kishika uchumba.

ZUHURA: Umeposa boma msibani.

GODI: Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kuna somo. Baada ya muhuri nimekaa karibu na kina mama wanaosuuza vyombo. Mmoja ananiuliza, "Baba, ndiyo wewe unanunua kwa fulani? Na mama Tanga amekubali?" Mama Tanga nani? Kumbe jamaa ana mke Tanga, na lile boma matofali yake amenunua huyo mama, kwa hela ya mchezo. Niambie, wakili gani wa mjini angelijua hilo?

ZUHURA: Wakili yeyote. Swali la kwanza angemuuliza muuzaji: una mke? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Angetaka saini ya mama Tanga kabla hujatoa hata shilingi ya soda.

GODI: Na muuzaji angejibu, "Sina mke." Wakili angemwandikia kiapo kwamba hana mke, dakika kumi, muhuri mkavu usio na mafuta, tumemaliza. Karatasi safi, uongo mtupu. Wale mama hawakuniandikia kiapo. Walinipa ukweli.

ZUHURA: Walikupa baada ya kulipa!

GODI: Kwa sababu niliwahi kulipa. Kosa langu ni kuanza na karatasi. Ningeanza na majirani.

ZUHURA: Kosa lako ni kuanza bila wakili. Angekufanyia upekuzi kwa Msajili wa Hati...

GODI: Upekuzi wa hati ipi? Kiwanja hakijapimwa. Hakina hati, hakina hata leseni ya makazi. Atampekua nani? Ukipekua kiwanja ambacho hakijasajiliwa unakuta hewa. Dar hii watu wangapi wanaishi sehemu zisizopimwa? Kumbukumbu za umiliki kule ni vichwa vya watu. Mzee anakuambia, "Hapa palikuwa na mwembe, mpaka ulipita kwenye shina." Ndiyo rejista hiyo.

ZUHURA: Na mzee akifa? Rejista imezikwa, umekula pilau yake. Sikiliza, Godi. Kama hakuna hati, ndiyo unamhitaji wakili zaidi. Anadai mkataba ambao muuzaji mwenyewe alinunulia, na wa aliyemuuzia yeye, arudi nyuma. Anakwenda halmashauri kuuliza mipango miji kama hapo pamepangiwa barabara. Jirani hajui ramani ya mipango miji.

GODI: Jirani alishaona alama ya X nyekundu ya bomoabomoa ikichorwa.

ZUHURA: Alama huja mwisho! Ramani huja kwanza.

GODI: Na huyo wakili wako atafika Chanika? Au atakaa Posta akiniuliza kwa simu, "Kiwanja kina mipaka?"

ZUHURA: Wako wanaofika. Unamuuliza kabla ya kumlipa.

GODI: Sikubali.

ZUHURA: Na mimi sikubali. Na ile asilimia kumi ya bei wanayodai serikali ya mtaa, ulitoa?

GODI: ...Waliniambia kwa mkupuo wa kwanza nitoe laki mbili.

ZUHURA: Nimeisoma Sheria ya Ardhi ya 1999, Godi. Sijaona mahali imeandikwa asilimia kumi ya mwenyekiti.

GODI: Na mimi nimeuona muhuri. Bila muhuri ule, siku nikitaka kuvuta umeme pale wataniuliza mimi nani.

ZUHURA: Muhuri wa pilau.

GODI: Muhuri ni muhuri.

ZUHURA: Jamani, fundi ananionyesha vidole. Dakika nne! Maswali matano! Haya, la kwanza, dada wa Morogoro: "Muuzaji ana wakili wake, anasema atanisimamia na mimi ili tupunguze gharama." Hapana, dada. Siku mkigombana atamtetea nani? La pili, utajuaje wakili ni wakili na si kishoka? Leseni yao huhuishwa kila mwaka. Ingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama, mtafute kwa jina, uone kama yuko hai mwaka huu. Usitazame suti. La tatu... la tatu ni refu, lina fomu za uhamisho, namba 29, 30, 35, kibali cha Kamishna wa Ardhi, hatulimalizi.

GODI: La nne?

ZUHURA: Ushuru wa stempu, nani analipa. Tutarudi wiki ijayo.

GODI: Wiki ijayo tulisema bima ya gari.

ZUHURA: Basi sijui. Wewe na mama Tanga vipi?

GODI: Nina namba yake. Yule mama wa vyombo alinipa. Sijapiga.

ZUHURA: Piga leo.

GODI: Nimwambieje? "Shikamoo mama, nimetoa posa kwa boma lako"?

ZUHURA: Piga, halafu mtafute wakili.

GODI: Nikipiga sina haja ya wakili. Nipe mkataba wangu, usiukunje hapo penye muhuri, wino bado unatoka.