Rolls-Royce ya Dola 13,995 na Saa Yake ya Umeme

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo ni matangazo ya zamani ya magari ya kifahari, na bei zake zilezile za wakati ule. Kaka Baraka, mimi nimeshachagua langu.

BARAKA: Bila shaka lile la David Ogilvy, yule mwandishi wa matangazo.

ZUHURA: Ndilo! Marekani, 1958, Rolls-Royce Silver Cloud. Kichwa chake kinasema kwamba gari likiwa kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme.

BARAKA: Maili 60 ni kama kilomita 97.

ZUHURA: Naam. Halafu teremka chini ya picha usome. Hakuna sifa tupu pale. Injini inaungurumishwa kwa muda wa saa saba, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, kabla ya kufungwa kwenye gari. Bodi inapigwa rangi ya awali mara tano, na kila mara inasuguliwa kwa mkono, ndipo inapokuja rangi yenyewe mara tisa. Na mafundi wanasikiliza ekseli kwa kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo.

BARAKA: Ogilvy alisoma habari za gari lile kwa wiki tatu kabla ya kuandika. Na ule mstari wa saa hakuutunga, dada. Ulitoka kwa mwandishi wa jarida la magari la Uingereza. Ustadi wa Ogilvy ni kuuona pale ulipokuwa umejificha.

ZUHURA: Sasa bei. Imeandikwa palepale: dola 13,995, gari likiwa limefika bandarini Marekani.

BARAKA: Mwaka ambao familia ya kawaida ya Marekani ilipata kama dola 5,100. Hayo ni mapato ya karibu miaka mitatu, bila kula wala kulipia nyumba.

ZUHURA: Na bado Ogilvy akaiandika bei. Sasa linganisha na tangazo la Duesenberg, gari la kifahari la Marekani, miaka ya 1930. Picha ya tajiri katika starehe zake, na maneno machache tu: "Anaendesha Duesenberg." Gari hulioni, bei huioni. Kumbe Duesenberg ya Model J ilipotoka, chesi peke yake, yaani fremu na mitambo yake bila bodi, ilikuwa dola 8,500, na bodi unakwenda kuigharimia kwa mafundi wengine.

BARAKA: Mimi lile nalipenda. Lina heshima yake. Mwenye nazo anajua.

ZUHURA: Sikubali, kaka. Lile linamfungia msomaji mlango. Ogilvy anamwona msomaji ni mtu mwenye akili: kazi iliyofanyika ni hii, gharama ni hii, amua mwenyewe. Hata kuhusu Bentley, gari la kampuni hiyohiyo, amesema kweli. Ni gari lilelile, tofauti ni rejeta tu, na kwa kuwa rejeta yake ni rahisi kutengeneza, bei inapungua dola 300. Muuzaji gani atakufungulia siri ya namna hiyo?

BARAKA: Hapo sina la kujibu. Tena akaongeza kwamba anayeona haya kuendesha Rolls-Royce anunue Bentley.

ZUHURA: Na wenzake wakaelewa nguvu ya kutoa ushahidi. Mwaka 1965 Ford walifanya vipimo, wakatangaza kuwa magari yao mapya yana utulivu kuliko Rolls-Royce.

BARAKA: Ford! Gari la mtu wa kawaida!

ZUHURA: Kwa vipimo, kaka, si kwa maneno.